Tezi Iliyonyamaza

Jumatatu, 4 Februari 1974

Sweta mbili, soksi mbili, bado baridi. Jua lilikuwa wazi, Mlima ulionekana wote hadi kwenye theluji. Watoto wa darasa la tatu wamekaa mikono wazi, bila sweta, mimi natetemeka mbele yao na chaki mkononi. Tangu karo iondolewe wamejaa hadi mlangoni. Nimeandika tarehe ubaoni, nikakaa. Nimefundisha kutoa na kujumlisha nikiwa nimekaa.

Wangari ametimiza miezi mitano. Ananenepa. Si kwa maziwa yangu.

Jumatano, 6 Februari

Nafula amenishika mkono chumba cha walimu, akaugeuza, akautazama kama mtu anayechagua nyama. Yeye hufundisha darasa la kwanza. Mtu wa Bungoma, hana ndugu hapa Mweiga, mimi ndiye ndugu yake.

"Mama Wangari, umekuwa kama karatasi. Siku ile ulitoka damu kiasi gani?"

Nimemwambia. Sijawahi kumwambia mtu. Uchungu ulinishika nyumbani, gari halikupatikana, mkunga jirani alifanya alichoweza. Mtoto alitoka salama. Damu haikukoma. Nilizimia, nikaamka, nikazimia tena. Godoro walilichoma. Siku ya tatu wanawake walileta uji wa wimbi ili maziwa yashuke. Hayakushuka. Hata tone. Matiti yalikaa kama ya msichana.

Nafula hakusema pole. Alisema twende hospitali Nyeri. Nimesema nitaenda likizo ikifika. Sitaki kwenda. Sitaki kitu chochote, hiyo ndiyo kweli.

Jumapili, 24 Februari

Mama mkwe amehamisha kikapu cha mtoto. Ati usiku Wangari analia na mimi siamki. Kweli siamki. Mtoto amepewa jina la bibi yake kama desturi, na bibi humwita "mimi mdogo". Amembeba akaenda naye nyumba yake, ng'ambo ya ua. Nilisimama mlangoni nikitazama. Nilitakiwa kulia. Nilirudi kulala.

Ijumaa, 15 Machi

Hedhi haijarudi. Nywele za kwapa zimeisha, za chini pia. Niliogopa kumwonyesha mtu.

Mume wangu Muriithi anadhani nina mimba. Alikuja na lori la maziwa kutoka ushirika, akaliacha barabarani injini ikinguruma, akaniletea ndizi. Anataka mvulana ampe jina la baba yake. Alikuwa na furaha. Nikala ndizi moja kwa ajili yake. Haikuwa na ladha. Hakuna kitu chenye ladha siku hizi.

Alhamisi, 18 Aprili

Likizo. Nimelala.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimelala tena. Asubuhi ndiyo mbaya kuliko yote. Wengine jogoo anawaamsha. Mimi nasikia jogoo, nasikia ng'ombe, nasikia mama mkwe akipasua kuni na kuzungumza na mtoto wangu. Nausikia mwili wangu pia, uko mbali kama gunia limeachwa shambani. Najaribu kuuita. Hauji.

Hospitali sikwenda.

Alhamisi, 23 Mei

Muriithi ameacha lori la maziwa. Tajiri mmoja wa Kutus amemwandika kubeba mchele wa Mwea. Atakuwa akija mwisho wa mwezi. Ameshajua hakuna mimba. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Jumatatu, 10 Juni

Nyati ametoka msituni Aberdare. Dume, peke yake, ukungu ulikuwa haujaondoka. Amevunja ua wa shule wakati wa mapumziko. Nilikuwa katikati ya uwanja. Watoto wamekimbilia madarasani, walimu nao wamekimbia, Nafula amewabeba wawili kwapani kama kuku.

Nilikimbia hatua chache. Miguu ikaisha. Nikakaa kwenye nyasi. Amekuja hadi nikasikia harufu ya matope, nikaona jicho lake na kupe kando ya jicho. Akapumua. Akapita. Jioni watu wa wanyamapori wamempiga risasi karibu na mto.

Niliogopa. Nataka niandike hivyo kwa sababu watu wanasema sikuogopa. Hofu ilikuwa kichwani. Mwilini haikufika. Kichwa kilipiga kelele simama, kimbia, na huko chini hakuna aliyesikia. Wengine wote walipata nguvu ambazo hawakujua wanazo. Mimi nilipoteza hata zile kidogo nilizokuja nazo asubuhi.

Jumatano, 12 Juni

Habari imezunguka soko lote. Mwanamke aliyekaa chini mbele ya nyati. Mama mkwe amesema mbele ya jirani, sauti ya juu ili nisikie: "Mtu ambaye hata nyati amemkataa, nani atamtaka?"

Mwalimu mkuu ameniita. Amenikuta nimelala darasani si mara moja. Amesema kwa upole lakini amesema: nijirekebishe, au aombe mwalimu mwingine. Nimesema ndiyo bwana. Nilikuwa nataka tu amalize nikakae.

Jumapili, 14 Julai

Ukungu wiki nzima. Hakuna jua, nguo hazikauki. Nimevaa koti la Muriithi ndani ya nyumba.

Leo asubuhi tulikuwa kanisani, mchana mama mkwe ameleta mzee wa kutakasa. Wamechinja mbuzi. Wamenipaka taka za tumbo lake miguuni na kifuani, zilikuwa na joto, na hilo joto ndilo jambo zuri pekee lililonipata mwezi huu. Nilitamani waendelee. Mzee aliniuliza nani nimemkosea. Sikumkumbuka yeyote. Muriithi alikuwapo. Hakunitazama.

Mtoto alianza kulia nilipomnyooshea mikono. Alijificha shingoni mwa bibi yake.

Nilihisi kitu kidogo, mbali sana. Huenda kilikuwa uchungu.

Ijumaa, 9 Agosti

Shule imefungwa. Muriithi amesema niende kwetu Kangema nikapumzike. Nimeuliza kuhusu Wangari. Amesema mtoto hawezi kuondolewa kwa anayemlisha. Hakusema siku ya kurudi na mimi sikuuliza. Nimefunga nguo zangu kwenye kiondo. Nafula alinisindikiza hadi barabarani, akakasirika, akanifokea kwa Kibukusu. Sikuelewa neno. Nilielewa.

Jumatano, 14 Agosti. Kangema

Mama yangu anaamka alfajiri kuchuma majani chai, anarudi mgongo umelowa. Ananipikia. Natapika. Anapika tena. Leo amenikuta sakafuni jikoni, sijui nilianguka saa ngapi. Ameniinua kama mzigo wa kuni. Nina miaka ishirini na sita, mama yangu ananibeba.

Jumatatu, 19 Agosti

Homa. Kifua. Kalamu nzito. Sion

Alhamisi, 29 Agosti. Hospitali, Nyeri

Niko hai. Naandika haraka kwa sababu naweza.

Siku nyingine sizikumbuki, mama ameniambia. Kikohozi kilinishika, watu watatu pale kijijini walikuwa nacho na wote walipona wakaenda kuchuma chai. Mimi niliacha kuongea. Mama aliomba pikapu ya jirani. Hakuwa ananileta hospitali. Ameniambia mwenyewe, ameketi hapa kando ya kitanda, bila kuficha: "Nilikuwa nakurudisha Mweiga. Ukifa, ufie kwa waliokuoa. Nilijua umekwisha, mwanangu." Tulipofika Nyeri mikono yangu ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni na dereva akakataa kuendelea. Alisema habebi maiti kwa gari lake. Akakata kona, akatuacha mlango wa hospitali.

Sijui nimshukuru vipi mtu ambaye alitaka tu kuniondoa garini.

Walinipa maji ya mshipa yenye sukari. Nilifumbua macho, nikafumba. Kisha akaja daktari, Mkamba mwembamba, Daktari Mutiso. Hakuanza na kifua. Aliniuliza: Baada ya kujifungua ulinyonyesha? Hedhi imerudi? Ulitoka damu nyingi? Akainua mkono wangu, akatazama kwapa. Maswali yale yote nilikuwa nayo mwaka mzima, moja moja, kila moja na aibu yake. Yeye aliyauliza kwa pamoja kama mtu anayesoma jina langu.

Akaagiza sindano. Ilikuwa mchana. Jioni niliketi. Nilisikia harufu. Viazi na kabeji vilikuwa vinapita kwenye toroli. Nilisikia njaa, njaa yenyewe, ikinibana tumbo. Nikamwambia sista nataka chakula. Nikala sahani yangu na ya mgonjwa wa pili. Mama alitoka nje. Nilimsikia akilia ukutani.

Ijumaa, 30 Agosti

Nimemwomba daktari anieleze polepole, mimi ni mwalimu, nitaelewa. Amekaa kitandani. Najaribu kuandika kama alivyosema.

"Mtu akipata shida, homa, hofu, njaa, jeraha, ubongo ndio unajua kwanza. Chini yake imening'inia tezi ndogo, kama punje ya harage. Ubongo unaiambia tezi. Tezi inatuma habari kwa damu hadi kwa tezi nyingine mbili, zimekaa juu ya figo kama kofia. Zile ndizo zinatoa homoni ambayo mwili hutumia kuvumilia shida."

Nikauliza, na shida ikiisha?

"Homoni ikitosha kwa damu, ubongo unaionja, unanyamaza. Ikipungua, unaamuru tena. Ni kama DO wa tarafa na chifu. DO anamwambia chifu, chifu anaita watu watoke kazini. Kazi ikitosha, habari inarudi juu. Kila alfajiri ubongo hutuma amri kubwa kabla mtu hajafumbua macho. Ndiyo sababu mtu anaweza kusimama asubuhi."

Mjamzito, tezi ile inavimba, inataka damu nyingi. Mimi damu yangu ilimwagika kwenye godoro. Punje ikakosa damu, ikafa.

"Kofia zako za figo ni nzima," akasema. "DO yupo, watu wapo. Chifu ndiye alikufa. Hakuna anayewaita."

Tezi hiyo hiyo ndiyo huita maziwa. Ndiyo huita hedhi. Ndiyo huamsha tezi ya shingo inayoleta joto mwilini. Kila kitu nilichoitiwa mvivu, baridi, mkaidi, mwenye laana. Punje ya harage.

Sikulala kwa hasira. Hasira nayo nilikuwa nimeisahau.

Jumanne, 3 Septemba

Vidonge vyeupe vya homoni ile, maisha yangu yote. Kimoja asubuhi, nusu jioni, kwa sababu mwili wenye afya hufanya hivyo, nyingi alfajiri na kidogo jioni. Nikipata homa niongeze maradufu, kwa kuwa ubongo wangu utapiga kelele na hakuna atakayeitika. Nikivitapika nisikae nyumbani, nije nichomwe sindano. Baadaye vidonge vingine vya tezi ya shingo. Si kabla ya hivi vyeupe, amesisitiza, vile vya shingo peke yake vingeniua.

Muriithi alikuja. Alisimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi. Alimwuliza daktari swali moja: atazaa? Daktari alinitazama kwanza mimi. Akasema hatarajii. Muriithi akasema asante, daktari. Akaniwekea machungwa juu ya meza, akaenda.

Nililia. Machozi yenyewe, na kamasi. Sista alidhani ninaumwa. Nilikuwa naumwa, ndiyo, lakini sasa uchungu nilikuwa nausikia.

Jumamosi, 14 Septemba. Mweiga

Nimerudi. Nilitembea kutoka barabarani mwenyewe, nikipanda kilima bila kukaa. Mama mkwe alikuwa anamenya viazi. Alisimama, kisu mkononi, akanitazama kama amemwona mfu.

Nilimweleza yote hapo hapo, kwa Kikuyu, punje na kofia za figo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo si laana," akasema.

"Si laana, Mama."

"Nilidhani humtaki mtoto. Uso wako ulikuwa kama ukuta." Akaketi. Akamenya kiazi kizima kabla ya kuongea tena. "Na kuna msichana Kutus. Ana mimba ya Muriithi. Ni bora usikie kwangu."

Nikauliza tangu lini. Tangu Juni. Wiki ya nyati.

Wangari anatambaa kwa kasi. Alipita mbele yangu akienda kwa bibi.

Jumapili, 29 Septemba

Muriithi amekuja kuchukua nguo zake. Nilikuwa nimejiandaa kuongea kwa adabu. Nilipiga kelele. Nilimwita mwoga, nilimwita mambo mengine, nikarusha kikombe cha bati kikagonga mlango. Alishangaa. Tangu mtoto azaliwe hakuwa amenisikia nikipaza sauti.

Alisema: "Nilishakulilia, Nyambura. Nilikulilia ukiwa hai. Sijui kurudi nyuma."

Nadhani alisema kweli. Ninamchukia vilevile.

Jumatatu, 18 Novemba

Vidonge vimeisha tangu juzi. Niliwahi mapema, nilienda Nyeri wiki jana, hospitali wakaniambia vinakuja. Havijaja. Jana nilihisi asubuhi ikikataa. Leo miguu ni ya pamba. Nimefundisha nikiwa nimekaa. Watoto wamenitazama, wanakumbuka.

Ninaogopa sana, na ninajua sasa kwamba hofu yenyewe ndiyo hatari, kwamba kila woga unaomba kitu ambacho sina. Nimejaribu kutoogopa. Ni kazi ngumu.

Jumanne, 19 Novemba

Nafula hakuenda darasani. Ameenda Nyeri, amezunguka maduka yote ya dawa, la mwisho mwenye duka alipanda ngazi akatoa chupa moja ya nyuma kabisa. Amerudi akikimbia kilima chote na viatu mkononi. Nimemeza kwa chai baridi. Alikaa nami hadi rangi ikarudi.

"Usinifanyie hivyo tena," akasema, kana kwamba mimi ndiye niliyevimaliza kwa makusudi. Kisha akalia kwa sauti, yeye ambaye halii.

Jumamosi, 21 Desemba

Mama mkwe ana mafua. Nilimpikia uji. Alikunywa, akanirudishia kikombe. Hakusema asante wala hakusema hauna sukari. Kwa mtu kama yeye hiyo ni hotuba.

Jumapili, 2 Machi 1975

Mvulana amezaliwa Kutus. Amepewa jina la babu yake, baba wa Muriithi. Mama mkwe amevaa kitambaa kipya, amebeba ndizi na unga wa uji kwenye kiondo, ameenda kumwona mume wake aliyezaliwa upya. Ndivyo desturi ilivyo na siwezi kuilaumu. Nilimfungia kiondo mimi mwenyewe.

Lakini nilienda nyuma ya zizi nikauma leso.

Amemwacha Wangari. Hakuna mwingine wa kumwachia.

Jumatatu, 3 Machi

Amelia usiku kucha akimwita bibi. Kila nilipomgusa alipiga teke. Niliamka kila alipolia. Kila mara. Asubuhi nilikuwa nimechoka uchovu wa kawaida, ule wa mama yeyote.

Nafula amenisimamia darasa.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Tumekaa jikoni, moto unawaka vizuri, viazi kwenye majivu. Sina sweta. Wangari alikuwa upande wa pili akigonga sufuria na kijiko. Akaacha. Akaja akashika goti langu, akaita.

Wangari humwita bibi yake "Maitu", mama. Mimi ameniita kama watoto wa jirani wanavyoniita kila siku langoni, Mwarimu, yaani mwalimu. Ulimi haujakomaa, limetoka "Marimu". Kwetu marimu ni mazimwi ya hadithi.

Nilicheka. Nikaitika. Akanyoosha mkono, anataka kiazi. Nikakimenya, nikakipuliza kipoe, nikampa.